Sindano ya steroidi ya mgongo: mliodungwa, tupeane uzoefu

Dere wa Nakuru
Wadau, hamjambo. Naendesha matatu Nakuru–Kisumu. Maumivu yananianzia kiunoni, yanashuka kalio la kushoto hadi kidole gumba cha mguu. Nikikanyaga klachi, ni shoti ya umeme. Picha ya MRI imeonyesha diski kati ya pingili za kiuno, L4 na L5, imetokeza na kubana neva. Daktari anataka tujaribu sindano ya steroidi kabla ya kuongea habari za upasuaji. Mke wangu amekataa kata kata, eti watu hupooza. Mliopitia, semeni ukweli.

Mama Omena, Kibuye
Pole kaka. Mimi nilidungiwa hapa Kisumu. Unalala kifudifudi, wanapaka dawa ya kuua viini, wanatia ganzi kwenye ngozi (hapo ndipo panapouma), kisha daktari anaingiza sindano polepole akitazama eksirei kwenye skrini. Anatanguliza rangi kidogo aone dawa itafika kwenye neva yenyewe. Nilisikia mguu ukijaa uzito, basi. Haikufika nusu saa.

Jioni nikawa sina maumivu hata kidogo, nikampigia dada yangu simu nikicheka. Usiku yakarudi yote! Nililia nikijua nimeliwa pesa. Kumbe ile nafuu ya kwanza ni ya ganzi tu. Steroidi huchukua siku kadhaa, hata wiki, ndipo ishike. Iliposhika, nilipumzika miezi. Beseni sibebi tena, nalipia mkokoteni.

Mwalimu Mstaafu, Bungoma
Wenye kisukari wenzangu: sukari itapanda kwa siku kadhaa. Mimi nilionywa, nikawa napima asubuhi na jioni, na kliniki ikanibadilishia kipimo cha dawa. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda aseme mapema, asiziache kwa uamuzi wake. Mguu wangu ulipoa. Kiuno kingali kinauma, na daktari alikuwa ameniambia: sindano hii husaidia zaidi maumivu yanayoshuka mguuni.

Fundi Section 58
Mimi haikunisaidia. Nilirudia, bado. Shida yangu ni mfereji wa uti wa mgongo uliosinyaa kwa umri, na nilitoa pesa mfukoni. Mwishowe nilipasuliwa, sasa natembea hadi steji bila kusimama njiani.

Dere wa Nakuru
Fundi umenitia baridi, lakini shukrani. Na hiyo ya kupooza?

Fizio Kakamega
Mke wako hajatunga. Mwaka 2014 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo kwamba sindano hizi zinaweza, kwa nadra sana, kuleta kiharusi, upofu, kupooza, hata kifo. Kwa hivyo uliza kabla ya kulipa: utatumia eksirei? Ni dawa gani? Ukijibiwa kwa hasira, ondoka.

Steroidi hairudishi diski mahali pake. Inapunguza uvimbe kuzunguka neva, na diski nyingi hunywea zenyewe kwa miezi. Katikati hapo ndipo mazoezi yanawezekana, kwa sababu mtu anayeumwa hawezi hata kuinua goti. Wengi ninaowapokea tena ni waliosikia nafuu Ijumaa, Jumatatu wako chini ya gunia la mahindi. Na haidungwi kila ukijisikia vibaya. Madaktari wengi hawapiti mara tatu au nne kwa mwaka.

Ila sehemu za siri zikifa ganzi, au mkojo ukagoma au ukatoka wenyewe, usingoje tarehe ya sindano. Kimbia hospitali usiku huo huo. Baada ya kudungwa, homa au kichwa kuuma vibaya pia ni za kurudi mbio.

Mama Omena, Kibuye
Na siku hiyo usishike usukani, kaka. Mguu unaweza kukukataa.

Dere wa Nakuru
Nimesikia, dada. Gari nitamwachia mwenzangu. Kuna dereva hapa aliyedungwa? Ulirudi kwa safari ndefu baada ya muda gani, na klachi uliisikiaje?