Mjadala: Mwisho wa Memento – je, Leonard alilipiza kisasi, au alijitengenezea mtu wa kuua?

Tausi:
Naomba tuijadili Memento, filamu ya mwaka 2000 iliyoongozwa na Christopher Nolan. Nitaufumbua mwisho wake wote, kwa hiyo ambaye hajaitazama na anakusudia kuitazama aishie hapa.

Kwa walioitazama zamani, nikumbushe kwa ufupi. Leonard Shelby, aliyekuwa mpelelezi wa madai katika kampuni ya bima, aliumizwa kichwa usiku ambao mkewe alishambuliwa nyumbani mwao, na tangu hapo hawezi kuweka kumbukumbu mpya; kila baada ya muda mfupi yaliyotokea humfutika. Anamsaka mtu aitwaye John G. kwa kutegemea picha za Polaroid, vikaratasi na tatuu alizojichora mwilini. Sehemu za rangi zinasimuliwa kinyumenyume, zile za nyeusi na nyeupe zinakwenda mbele, na zote zinakutana katika jengo lililotelekezwa, pale anapomuua Jimmy Grantz, muuza dawa za kulevya anayemdhania kuwa John G. Hapo ndipo Teddy, askari polisi anayejifanya rafiki yake, anapomwambia kwamba mshambuliaji wa kweli alikwisha kuuawa zaidi ya mwaka mmoja uliopita, kwamba mkewe alinusurika usiku ule, na kwamba ule mkasa wa Sammy Jankis, mgonjwa aliyemdunga mkewe insulini tena na tena mpaka akafa, ni mkasa wa Leonard mwenyewe.

Wengi hubishana iwapo Teddy anasema kweli. Mimi naona swali hilo limepewa uzito usiostahili, kwa sababu yanayofuata tunayaona kwa macho yetu wala hatusimuliwi na mtu. Leonard anaketi garini, anaandika nyuma ya picha ya Teddy kwamba uongo wake usiaminiwe, anaichoma picha ya maiti ya Jimmy, anaichoma na ile inayomwonyesha yeye mwenyewe kifua wazi, akicheka na kujionyesha kidole kifuani, kisha ananakili namba ya gari la Teddy, SG13 7IU, ili akaichore pajani kama ushahidi kwamba Teddy ndiye John G., na baadaye kweli anamuua. Wakati anaandika bado anakumbuka kila kitu. Anajua kwamba atasahau, na kusahau huko ndiko anakokutegemea. Kwangu mimi hayo ni mauaji ya kupangwa, na aliyeyapanga amemdanganya muuaji ambaye ni yeye mwenyewe. Nyinyi mnaonaje?

Kipanga:
Bi Tausi, umeeleza vizuri, lakini umemwacha nje mtu aliyeisuka kamba yote, yaani Natalie, mpenzi wa Jimmy. Teddy amesema kweli, hilo kwangu limekwisha. Leonard naye ni mtu wa kuhurumiwa, kwa kuwa mtu asiyekumbuka ni rungu tu mikononi mwa mwenye kumbukumbu, na rungu halipandishwi kizimbani. Yule mwanamke ni nyoka. Aliziondoa kalamu zote nyumbani, akamtukana Leonard na kumtukana marehemu mkewe hadi akapigwa, akatoka akakaa garini akisubiri asahau, kisha akarudi ndani na uso uliovimba akisema amepigwa na Dodd, mhalifu anayezidai fedha za Jimmy. Ndiye pia aliyempa Leonard jina la Teddy ili amuue. Mwacheni Leonard, mhukumuni huyo.

Zuhura:
Ndugu Kipanga, neno «nyoka» limekutoka kwa wepesi mno, na nashangaa halikukutoka kwa Teddy, ambaye kwa maneno yake mwenyewe ameutumia ugonjwa wa mtu kumwelekeza akaue, na aliyekuwa akizitaka dola 200,000 zilizomo kwenye buti la gari la Jimmy. Teddy kwako ni msema kweli, Natalie ni nyoka. Naomba uutafakari mzani huo.

Tena Natalie hakumpa Leonard jina kwa hiari yake. Leonard mwenyewe ndiye aliyemwomba amtafutie mwenye namba ya gari iliyochorwa pajani mwake, naye akamletea alichoomba, yaani bahasha yenye karatasi za usajili wa gari zilizo na jina halisi la Teddy. Namba ile aliiandika nani? Bi Tausi amekwisha kusema.

Mtazame kwanza Natalie pale anapokutana na Leonard. Mpenzi wake amekwenda kuonana na mtu anayeitwa Teddy, akiwa na fedha nyingi, na hakurudi. Kisha anatokea mgeni, amevaa suti ya mpenzi wake, anaendesha Jaguar ya mpenzi wake, na anasema hakumbuki chochote. Wewe ungefanya nini? Yeye alimjaribu: alitemea mate kwenye bia, akamfanya Leonard naye aitemee, kisha akamletea anywe. Alipoona anainywa bila kusita akajua kwamba maradhi yale ni ya kweli. Simtetei kwa aliyoyafanya na kalamu, kwa sababu ni ukatili. Ninachosema ni kwamba alikuwa mfiwa, na katika filamu nzima hakuna hata mtu mmoja aliyempa pole.

Kipanga:
Mfiwa hampeleki mtu mahali pa kuulia, dada Zuhura. Natalie hakuishia kuleta bahasha. Alimpa Leonard na maelekezo ya jengo lililotelekezwa, mahali pasipo na watu, palepale Jimmy alipozoea kufanyia biashara zake kubwa. Hiyo nayo aliombwa? Na ukisema kwamba hakuna aliyempa pole, basi hukumbuki maandishi ya Leonard kwenye picha yake, kwamba naye amempoteza mtu na kwamba atamsaidia kwa huruma. Leonard ndiye pekee aliyemhurumia, na malipo yake tumeyaona.

Nawe umenisingizia. Sikusema Teddy ni mwema. Nilisema anachokieleza ni kweli, na mtu muovu anaweza kusema kweli.

Fumo:
Ndugu zangu, naomba turudi kwa Sammy Jankis, kwa kuwa ndiko uliko ufunguo wa swali la Bi Tausi.

Leonard anasimulia kwamba alipokuwa mpelelezi wa bima alimfanyia Sammy jaribio la vitu vya chuma, baadhi yake vikiwa na umeme. Sammy alirushwa na umeme kwa vitu vilevile kila mara na hakujifunza kuviepuka, na Leonard akahitimisha kwamba ugonjwa wake hautokani na jeraha la ubongo, bali ni wa kisaikolojia, madai yakakataliwa. Hoja hiyo ina msingi wa kweli. Henry Molaison, aliyefanyiwa upasuaji wa ubongo mwaka 1953 ili kutibiwa kifafa, alipoteza uwezo wa kuweka kumbukumbu mpya, lakini mtafiti Brenda Milner alipompa kazi ya kufuatisha mchoro wa nyota kwa kuutazama kwenye kioo, mkono wake uliizoea kazi ile siku baada ya siku, ingawa kila siku aliamini ndiyo mara yake ya kwanza. Mazoea hukaa hata pale matukio yasipokaa.

Leonard anajisifia jambo hilohilo, kwamba Sammy alishindwa kwa kukosa utaratibu na yeye anaweza kwa mazoea. Basi kama mazoea humshika, hadithi aliyoirudia kwenye simu, hotelini, baa na kwa kila aliyekutana naye imemshika pia. Jimmy anapokata roho ananong'ona jina la Sammy. Amelijuaje, kama si kwa kuambiwa na Leonard? Teddy anaeleza hivyohivyo, kwamba Leonard amejifundisha kuiamini hadithi kwa kuirudia. Naungana na ndugu Kipanga kwamba Teddy anasema kweli, ila naukataa ushahidi wake kuhusu rungu.

Nahodha:
Mzee Fumo, hoja yako inajenga upande mmoja na kubomoa mwingine. Ikiwa mke wa Leonard alinusurika, na akafa baadaye kwa insulini, basi alikufa baada ya Leonard kuumia kichwa, katika kipindi ambacho hakuweza kuhifadhi tukio lolote. Angeichukua wapi picha ya mke anayerudisha saa nyuma ili kumjaribu mumewe, na ya mume anayekubali kumdunga sindano kila anapoambiwa kwamba wakati umefika? Mkono kuizoea kazi ni jambo moja, kukumbuka kifo kwa vipande vyake ni jambo jingine kabisa. Molaison wako aliizoea nyota. Hakusimulia siku aliyoichora.

Mnaomwamini Teddy hutuletea picha mbili. Ya kwanza ni ile inayopita kwa kufumba na kufumbua, ambapo Sammy ameketi kwenye kiti katika nyumba ya wagonjwa, mtu anapita mbele yake, na aliyeketi anakuwa Leonard. Ya pili ni ya mwishoni kabisa, Leonard amelala na mkewe, na kifuani, pale alipopaacha wazi, pameandikwa kwamba amekwisha kutimiza. Hii ya pili haiwezekani kwa hesabu yoyote, kwa sababu asingechora ushindi wa kisasi ilhali mke aliyekuwa akimlipizia yu hai ubavuni mwake. Hiyo ni ndoto ya mtu anayeendesha gari huku amefumba macho. Na kama hiyo ni ndoto, kwa nini ile ya kwanza iwe ushahidi? Hata ule mkono unaomfinya mke pajani, kisha tukaonyeshwa kuwa umeshika sindano, unabadilika wakati Teddy anazungumza. Namwona mtu ambaye maneno ya mwingine yanampenya kichwani papo hapo.

Tausi:
Ndugu Nahodha, kuna macho ya mke yanayopepesa chini ya lile pazia la plastiki la bafuni alilogubikwa usiku wa shambulio. Hayo nayo ni maneno ya Teddy?

Nahodha:
Ndiyo. Hata hayo tunaonyeshwa wakati Teddy anazungumza.

Mlezi:
Nimesoma yote na nimesita kuandika, lakini neno moja la ndugu Kipanga limenichoma na siwezi kulipita kimya. Namuuguza mama yangu mzazi, ambaye kumbukumbu zake zimeondoka. Hajui amekula lini, na mara nyingine hunisalimu kama mgeni. Sikubali kuambiwa kwamba mtu asiyekumbuka ni rungu. Mama bado anapenda na anachukia. Akisemwa vibaya hununa, na nusu saa baadaye, sababu ikiwa imekwisha kumtoka, kununa kunabaki. Bado anakataa msaada wa kuvalishwa kwa sababu siku zote alikuwa mwanamke wa kujitegemea. Ukimtazama kwa dakika tano utajua huyu ni nani.

Kwa jicho hilo namtazama Leonard. Kuna usiku anavichoma vitu vya mkewe, kitabu na brashi ya nywele, na anajisemea kwamba huenda amekwisha kuvichoma vingi namna ile kabla, kwa kuwa hawezi kukumbuka kumsahau. Mtu huyo ana nia. Hajui jana alifanya nini, lakini anachokitaka anakijua, na anachokitaka ni kuendelea kutafuta, kwa sababu kutafuta kukikoma atabaki na kifo cha mkewe peke yake. Ndiyo maana ile picha ya ushindi ilipaswa kuungua. Sikatai kwamba anahurumika. Nakataa kumvua utu ili tuweze kumhurumia.

Kipanga:
Pole sana kwa uuguzi, ndugu Mlezi, na Mungu ampe mama nafuu. Sikumsema mama yako wala mgonjwa yeyote aliye hai, nimemsema mhusika wa filamu. Lakini tazama unakotupeleka. Ukishasema Leonard ana nia inayodumu, umempandisha kizimbani. Aliyempiga Teddy risasi alikuwa akisoma picha yenye maandishi ya mkono wake mwenyewe, na kwa akili yake yote aliamini kwamba aliye mbele yake ndiye aliyemuua mkewe. Utamhukumu mtu huyo kwa uamuzi ambao hakumbuki kuufanya?

Mlezi:
Ndiyo, nitamhukumu. Utu bila lawama ni nusu ya utu.

Fumo:
Tuliweke hivi. Mtu akimdanganya jirani yake kwamba fulani ni jambazi, jirani akamuua, tunamtafuta aliyedanganya. Hapa aliyedanganya na aliyedanganywa ni mtu mmoja, naye wakati wa kudanganya alijiuliza waziwazi iwapo anajidanganya ili awe na furaha, akajibu kwamba kwa Teddy atafanya hivyo. Mwongozaji hakuliacha hilo kwenye giza. Giza analiacha kwenye historia ya mke, na hapo ndugu Nahodha ana haki ya kubisha mpaka kesho.

Zuhura:
Nashukuru kwamba tumefika hapo, ila naona Natalie amehukumiwa kisha akasahaulika. Ndugu Kipanga alisema mfiwa hampeleki mtu mahali pa kuulia. Hebu angalia ni mahali gani na ni mtu gani. Jimmy alikwenda kukutana na Teddy katika jengo lile na akapotea. Natalie anampa Leonard jengo lilelile. Naye Teddy anauawa palepale. Huyo ni mwanamke anayelipa kisasi, na ndiye mlipa kisasi pekee katika filamu hii atakayekumbuka kwamba amelipa.

Kipanga:
Basi kisasi chake kina kasoro kubwa. Aliyemnyonga Jimmy ni Leonard, na Natalie ameona suti na gari. Kama alikuwa analipiza, mbona alimwacha huyu aende zake?

Zuhura:
Kwa sababu mbele ya Leonard hakuna wa kulipizwa anayeweza kujua analipizwa nini. Amri ilitoka kwa Teddy, na Teddy ndiye mwenye kumbukumbu, kwa hiyo ndiye aliyemtaka. Na kama hakumhusianisha Teddy na yule aliye kwenye karatasi alizoletewa na rafiki yake, mniambie kwa nini, kati ya majengo yote, alilichagua lile.