Naomba ushauri: kilo ngapi za kuongeza kwenye magurudumu ya nyuma ya trekta la bustani?

Nyasi_Ndefu (mleta mada)
Wakuu, salaam. Nina trekta dogo la kukatia nyasi, lile la kukalia, injini iko mbele na kinachosukuma ni matairi ya nyuma. Penye tambarare sina malalamiko. Tatizo ni tairi la nyuma la kushoto: kukiwa na umande linazunguka bure, linachuna nyasi mpaka udongo unaonekana. Nimesoma kwamba dawa ni kufunga uzito kwenye magurudumu. Swali langu fupi: kila gurudumu niliongezee kilo ngapi, na kipi bora, chuma au zege? Naomba tusitoke hapo. Natanguliza shukrani.

Spana_Kumi
Mkuu, kilo hazitajwi hewani. Trekta lina uzito gani? Matairi yana kashata (yale meno ya tairi) fupi za kwenye nyasi au zile ndefu za shambani? Upepo umejaza kiasi gani? Na linaserereka wapi hasa: ukipanda, ukikata kona, au ukivuta kitu? Vyuma vinavyouzwa kwa ajili ya trekta za bustani vingi ni kilo 20 na kitu kwa gurudumu, lakini usichukue namba hiyo ukakimbia nayo. Jibu maswali kwanza.

Bibi_Kwekwe
Mbuzi watatu. Hawaserereki, hawahitaji zege, na nyasi wanakula wenyewe.

Nyasi_Ndefu
Shikamoo bibi, nimecheka. Lakini nyasi zangu nazitaka ziwe na usawa.

@Spana_Kumi matairi ni ya kawaida, upepo upo. Uzito sijapima. Nataka kilo tu mkuu.

Bibi_Kwekwe
Marahaba mwanangu. Mbuzi wanne basi.

Mzee_Upepo
Vijana mnakimbilia chuma. Anza na upepo. Matairi ya nyuma ya vitrekta hivi hayataki upepo wa gari. Mengi yako kwenye psi 10 hivi, soma ubavuni mwa tairi au kwenye kitabu chake. Ukilijaza mpaka liwe gumu linakanyaga kwa katikati tu, kashata za pembeni zinabaki hewani hazifanyi kazi. Lipunguze kidogo, bila kushuka chini ya kiwango cha kitabu, uone tofauti.

Bado halijakaa sawa? Tia maji. Piga jeki, zungusha gurudumu mpaka valvu iwe juu kabisa, toa kile kisindano cha ndani, jaza mpaka maji yafike usawa wa valvu. Hapo umejaza kama robo tatu ya tairi, robo iliyobaki ni upepo ili tairi liweze kunepa. Tairi la 23x10.50-12 linameza lita 40 hivi, kwa hiyo kilo 40 kila upande bila kutoboa chochote, na uzito huo unakanyaga ardhi moja kwa moja, haukalii beringi za ekseli. Penye baridi ya kugandisha, maji matupu yatakuwa jiwe. Kuna wanaotia kalsiamu kloridi, ni nzito kuliko maji na haigandi upesi, ila pasipo tyubu inakula ringi mpaka inatoboka. Kulanti ya injini usithubutu kama una mbwa au paka. Ile ethilini glaikoli ina utamu, mnyama akilamba iliyovuja anakufa.

Mimi langu lilikuwa na maji miaka mingi. Siku moja jirani akaja kuliazima, amevaa suti, anasema ni dakika mbili tu. Akapita kwenye kisiki, valvu ikakatika. Nilimkuta ameziba tundu kwa kidole, maji yanaruka mpaka kwenye tai, na anaogopa kutoa kidole asije akaambiwa ameharibu. Alikaa pale mpaka nikamaliza kucheka. Nasema hivi kwa sababu watu wanaliogopa tairi la maji bila sababu.

Nyasi_Ndefu
Asante mzee wangu, lakini maji siyataki, panchi moja tu na nimelowa kama huyo jirani yako. Nimeshaamua zege. Najua chuma kina kilo zaidi ya 7 kwa lita na zege ni kama 2.4, ila ringi yangu ina shimo kubwa, nafasi ipo. Na zege halihitaji kutoboa ringi kwa bolti.

Spana_Kumi
Umeshaamua au umeshamwaga?

Nyasi_Ndefu
La kushoto nimemwaga jana. Linakauka. Ndiyo maana nauliza kilo, ili la kulia nilipime vizuri.

Fundi_Nusu
😂😂😂 Mtu ameshafunga ndoa anaomba ushauri wa mchumba.

Spana_Kumi
Sawa, tufanye hivi. Katikati ya ringi yako kuna nati tano, au kuna kofia ndogo ya plastiki, na ukiibandua unakuta wosha na klipu kwenye ncha ya ekseli?

Nyasi_Ndefu
Ilikuwa kofia ya plastiki.

Spana_Kumi
"Ilikuwa." Basi hilo si trekta la bustani mkuu, ni mashine ya kukatia nyasi tu. Trekta la bustani lenyewe lina ekseli nene, ringi inafungwa kwa nati, giaboksi yake imetengenezwa kuvuta jembe. Hilo lako lina giaboksi nyepesi. Tairi likizunguka bure lilikuwa linaikinga hiyo giaboksi: mzigo ukizidi, tairi linateleza, gia zinapona. Ukilipa tairi uzito likashika, mzigo wote unahamia ndani. Na ile klipu sasa iko chini ya zege, gurudumu hulitoi tena.

Halafu bado hujasema linaserereka wapi.

Dada_Panga
Jamani mmeona anavyolikwepa hilo swali? Ameulizwa tangu jibu la kwanza.

Nyasi_Ndefu
Sijakwepa, sikuona kama lina maana. Ni kwenye njia ya kwenda bustani ya chini.

Dada_Panga
Ukipanda au ukishuka?

Nyasi_Ndefu
Kushuka. Nina trela, kwenye trela kuna pipa la maji la lita 200 la kumwagilia. Lakini kupanda narudi nalo tupu, hakuna shida kabisa. Na nashuka polepole sana, najua ninachofanya, msianze kunisomea hotuba. Tatizo ni lile tairi moja, likishika hakuna tatizo lingine.

Mlinzi_wa_Zamu
Ndugu yangu, naanza hotuba. Watoto wako wanakuita baba, hawakuiti dereva. Mtu mzima anashusha pipa bondeni juu ya kiti cha plastiki, hakuna mkanda wala chuma cha kukukinga likipinduka, kisa nyanya zipate maji. Tumewazika wengi kwa "najua ninachofanya". Uza hiyo mashine, nunua ndoo.

Nyasi_Ndefu
Ni pilipili, si nyanya.

Spana_Kumi
Mlinzi amekuwa mkali lakini hajakosea. Hesabu ni hii. Breki za mashine hiyo zinashika matairi ya nyuma peke yake, na trela halina breki kabisa. Ukishuka, uzito unahamia mbele, nyuma kunakuwa kwepesi palepale penye breki. Tuseme mteremko ni nyuzi 15, ambazo vitabu vingi vya mashine hizi vinasema usizivuke, na hapo hawajazungumzia trela la mzigo. Maji ya lita 200 peke yake yanakusukuma kwa nguvu ya kilo 50 hivi.

Sasa zege lako. Weka kilo 25 kila upande, jumla 50. Nyasi zenye umande, tuseme zinashika kwa theluthi ya uzito: umepata kilo 16 za kushika. Lakini zege nalo lina uzito, nalo linataka kushuka: linakusukuma kilo 13. Faida yako ni kilo 3. Dhidi ya 50. Mlima ukizidi nyuzi 18 hivi, zege linakuwa hasara.

Mzee_Upepo
Swali dogo. Valvu umeiacha wapi kwenye hilo zege?

Jicho_Pembe
Nimesoma uzi wote nikiwa kimya. Wakuu, mnanyweshwa chai. Angalieni. Mwanzo alisema tairi "linazunguka bure, linachuna nyasi". Tairi linazunguka bure ukikanyaga mafuta. Anayeshuka na pipa hakanyagi mafuta, anashika breki, na tairi lililoshikwa breki linaburuzwa, halizunguki. Pili, kwa nini la kushoto tu? Tatu, na hii ndiyo imenimaliza: maji yanashuka yenyewe. Nani anapakia maji kwenye trela ili ayashushe mlimani? Huyu hana trekta, hana bonde, na hizo pilipili ni za kichwani.

Fundi_Nusu
Duh. Hiyo ya tatu sikuifikiria.

Dada_Panga
Nilikuwa naandika hesabu za mnyororo wa matairi nikaacha. Mleta mada tuwekee picha.

Bibi_Kwekwe
Mimi mbuzi wangu ni wa kweli.

Nyasi_Ndefu
Sina sababu ya kudanganya watu nisiowajua kuhusu zege. Njia imelala upande, kulia ni chini, kushoto juu, kwa hiyo tairi la kushoto ndilo jepesi. Na linazunguka. Nikiachia pedali ya kwenda mbele, lile la kushoto linarudi nyuma. Trekta linashuka mbele, tairi linazunguka kinyumenyume. Nimeliona kwa macho yangu. Sikuandika mwanzoni kwa sababu nilijua mtasema hivi hivi.

Jicho_Pembe
Trekta linakwenda mbele na tairi linakwenda nyuma. Haya, nimemaliza. Usiku mwema.

Spana_Kumi
Rudi mkuu, usilale. Nilikuwa na mashaka kama wewe, hiyo sentensi ndiyo imeyaondoa. Mtu anayetunga uongo hawezi kuitunga.

Breki ya mashine hizi mara nyingi haiko kwenye gurudumu, iko kwenye giaboksi, kabla ya difu, zile gia zinazogawa mzunguko kwa matairi mawili ya nyuma. Ukiishika, unaishika difu, huyashiki matairi. Na difu ya kawaida, ukiifunga pale katikati, kazi yake haijaisha: tairi moja likienda mbele, la pili linalazimika kurudi nyuma kwa mwendo uleule. Piga jeki nyuma yote, funga breki, zungusha tairi moja kwa mkono, utaona la pili linageuka kinyume. Giaboksi ya mafuta, ile inayoendeshwa kwa msukumo wa mafuta, inafanya vilevile ukiachia pedali. Kwa hiyo la kulia lenye uzito linabingirika na mlima, la kushoto jepesi linarudi nyuma likichuna nyasi, na breki inaamini imefanya kazi yake.

Mleta mada, elewa ulichokiona. Hukuwa unaserereka kidogo. Wakati ule hukuwa na breki hata moja.

Mlinzi_wa_Zamu
Hotuba yangu irudieni kusoma.

Jicho_Pembe
Nimekwenda kulipiga jeki la shemeji. Kweli linageuka. Ya kwanza na ya pili naziondoa. Ya tatu bado nimeishikilia: maji.

Nyasi_Ndefu
Bomba liko juu karibu na nyumba. Mpira nilionao haufiki.

Dada_Panga
Umepungua mita ngapi?

Nyasi_Ndefu
Kama 15.

Fundi_Nusu
Mtu amemwaga zege kwenye ringi kwa sababu ya mita 15 za mpira 😂😂

Nyasi_Ndefu
Si mpira tu, hata mbolea naishusha. Na tayari tairi la kushoto limepata uzito, nikimaliza la kulia yote mawili yatakuwa sawa. @Spana_Kumi umesema mwenyewe kushoto ndiko kwepesi, si nimelipa uzito linalohitaji?

Spana_Kumi
Ukishuka, ndiyo, limepata kidogo. Ukirudi, kushoto ndiko kunakuwa upande wa chini, na zege linakuvutia huko huko. La kulia usiliguse. Mbolea beba magunia machache, shuka moja kwa moja na mteremko badala ya kuukata kwa ubavu, au pita njia nyingine hata kama ni ndefu. Ndoano ya trela iwe chini kuliko ekseli ya nyuma ya trekta na pipa lisiwe nusu, maji ya nusu yanachezacheza yakakusukuma kwa mikupuo. Lakini pipa lenyewe achana nalo. Unga mpira.

Kimya_Kingi
Samahani kuingilia, nami nina tatizo la tairi, ila langu ni la toroli. Nifungue uzi mwingine?

Nyasi_Ndefu
Mpira nitaunga, si kwa sababu ya hotuba, ni kwa sababu nimeona unaungika. Sasa swali jipya. Nataka kulitoa zege la kushoto bila kupinda ringi. Natumia nini?

Fundi_Nusu
Tindo nyembamba na nyundo ndogo, anzia pembeni ukielekea katikati, usipige kuelekea ukingo wa tairi. Vunja vipande vidogo. Na kabla hujaanza kugonga, toa upepo wote kwenye tairi.

Mzee_Upepo
Autoe kwa wapi? Niliuliza valvu iko wapi, hakuna aliyenijibu.

Nyasi_Ndefu
Iko ndani mzee.

Mzee_Upepo
Basi anza kugonga upande wa valvu, taratibu.