Fasihi ya Kiingereza kidato cha tano na sita: ibaki au iondolewe?

Mzazi wa Sita: Wakuu, naomba mawazo. Anayesoma HKL (Historia, Kiswahili, Kiingereza) au HGL (Historia, Jiografia, Kiingereza) hapimwi lugha tu, kuna na karatasi ya fasihi: riwaya, tamthilia, mashairi. Mwanangu anakesha na riwaya ya Achebe wa Nigeria, lakini barua ya kuomba kazi kwa Kiingereza hadi leo inamtoa jasho. Kwa nini somo lisibaki lugha peke yake? Au wamewekewa hadithi kwa kuwa HKL ni kapu la waliokosa sayansi?

Ungo: Hapo kwenye kapu umevuka mpaka. Alama za kwenda PCB (Fizikia, Kemia, Biolojia) nilikuwa nazo, nikachagua HKL mwenyewe na baba akaninunia. Leo ni wakili. Omba radhi kwanza, barua za kazi baadaye.

Mzazi wa Sita: Sikukutaja wewe, dada. Nimesema hali ilivyo mitaani.

Fizikia Damu: Na ndivyo ilivyo. Waliopata D ya fizikia walipangiwa wapi? Tusidanganyane.

Ungo: Wewe uliyepangiwa PCM, umevumbua nini? Taifa linasubiri.

Mwalimu wa Chaki: Jamani, tahasusi, yaani michepuo ya masomo kama hiyo, zimetoka 16 zimefika 65, nyie bado mnapigania mbili? Karatasi hiyo naifundisha. Vitabu havina kosa. Kinachoniuma ni kwamba mtoto anaweza kufaulu bila kukifungua kitabu: ananunua notisi, anakariri wahusika, dhamira na nukuu chache, anamwaga kwenye mtihani. Nakala za tamthilia shuleni hazitoshi hata nusu ya darasa. Chukueni An Enemy of the People. Daktari anagundua maji ya bafu za mji yana uchafu unaoua, meya ni kaka yake, na waliomuunga mkono mwanzoni wanamzomea wakishasikia gharama itawaangukia wao. Ukimuuliza mwanafunzi nani ana haki hapo, anakujibu "dhamira ya rushwa" na kukaa chini. Angebishana na yule daktari kwa Kiingereza chake mwenyewe, barua ya kazi ingemshinda?

Msafiri: Tamthilia ya Waingereza inamhusu nini mtoto wa Kitanzania?

Binti Pwani: Ibsen aliyeiandika ni mtu wa Norwei, na tamthilia hiyo ni ya 1882. Wanachosoma shuleni ni tafsiri.

Msafiri: Umenirahisishia kazi! Kama ni tafsiri, wapewe ya Kiswahili. Mwalimu Nyerere si alimtafsiri Shakespeare huku anaongoza nchi?

Binti Pwani: Tafsiri yake ya Julius Caesar ilitoka 1963, kweli alikuwa Rais. Lakini usimgeuze Mwalimu rungu. Alimsoma Shakespeare kwa Kiingereza ndipo akaweza kutuletea kwetu. Ukiufunga mlango huo, mtafsiri wa kesho atatoka wapi?

Kijana wa Mlimani: Mjadala huu una wazee wake. Nairobi, 1968, wasomi Ngugi, Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong walitaka idara ya Kiingereza ya chuo ivunjwe, Afrika ikae katikati. Kwa hiyo anayesema fasihi hii ni ya wazungu hajaangalia orodha: Achebe, Ngugi, Imbuga, Armah. Hao wanatusema sisi.

Fizikia Damu: Achebe alisubiri mapinduzi ya Nigeria yatokee ndipo akayaandika. Tusimfanye nabii.

Kijana wa Mlimani: Hakusubiri, mkuu. Kitabu chake A Man of the People kilitoka Januari 1966, mwezi uleule wa mapinduzi. Kitabu hakiandikwi na kuchapwa ndani ya wiki mbili. Mtu aliitazama serikali yake akaona inakoelekea. Kama hilo si jambo la kumfundisha kijana anayekaribia kupiga kura, niambie la maana ni lipi.

Fizikia Damu: Kupiga kura hakuhitaji riwaya.

Ungo: Ndiyo maana tuko hapa tulipo.

Mzazi wa Sita: Mwalimu wa Chaki, mtihani ni Mei. Hizo notisi nizichome?

Mwalimu wa Chaki: Usizichome, mzazi mwenzangu. Mwambie aziweke kando jioni moja, asome sehemu ya nne ya An Enemy of the People, ule mkutano wa hadhara, kisha akueleze wewe daktari alikosea wapi. Akikwama kwa Kiingereza, aanze kwa Kiswahili.

Msafiri: Si ndicho nilichosema mkanibishia?