Pawa kondishona kwa mitambo ya bendi: inahitajika kweli?

KinandaTemeke
Wakuu, salaam. Bendi yetu inapiga harusi na kipaimara kwenye kumbi za Temeke na Mbagala. Mitambo: mikisa ya Behringer X32, spika mbili za juu zenye ampi ndani, subufa mbili, ampi ya besi, kinanda na risiva nne za maiki zisizo na waya. Umeme wa kumbi nyingi unapanda na kushuka, mikisa inazima na kujiwasha katikati ya wimbo, na kinanda kinavuma. Kariakoo wanatuambia tuchukue pawa kondishona ya kufunga kwenye raki na shida zote zitaisha. Ni kweli, au hela hiyo iende kwenye stabilaiza, kile kifaa cha kusawazisha volti?

FundiMitambo
Mkuu, shikilia hela kwanza. Kondishona ya kawaida ndani ina varista zinazomeza umeme unaoruka ghafla, na kichujio cha kelele za masafa ya juu. Basi. Haipandishi umeme uliopungua. Zikiingia volti 175, zinatoka 175.

Mikisa inayojizima inataka UPS ya onlaini, ile ambayo muda wote inatoa umeme wake yenyewe bila kungoja ukatike. X32 inakula wati 120 hivi, kwa hiyo UPS ya VA 1000 inabeba mikisa, risiva na laptopu bila kulalamika. Subufa na ampi ya besi usizichomeke humo, zitaizidi.

Halafu angalia waya wenu. Ekstensheni ya mita 50 yenye waya wa mm 1.5 ukivuta ampea 10 inapoteza volti 12 kabla hata ukumbi haujaanza kukuangusha. Ya mm 2.5 inapoteza kama 7, ya mm 4 chini ya 5. Kama ni ya kuviringisha, ifungueni yote, maana ikibaki imejiviringa inapata joto hadi ngozi ya waya inayeyuka.

SautiKigamboni
Naunga mkono, ila niongeze linaloua mitambo kuliko yote: nyutro (waya wa kurudisha umeme) kulegea. Ukumbi wa fezi tatu (nyaya tatu za moto) nyutro ikiachia, soketi zenye mzigo mdogo zinaweza kupanda kuelekea volti 400. Hapo varista ya kondishona, ambayo kwa kawaida inahimili volti 275, inachemka na inaweza kushika moto. Zipo kondishona zinazokata umeme zenyewe ukizidi, lakini kazi hiyo inafanywa pia na kifaa cha kukata umeme kama Sollatek AVS, na hicho kinasubiri umeme utulie kabla ya kuurudisha.

Kabla ya kuchomeka chochote, chukua multimita. Fezi na nyutro: volti 220 hadi 240. Fezi na ethi (waya wa kwenda ardhini): karibu namba ileile. Nyutro na ethi: isizidi volti 2 au 3. Kisha washa taa zote na feni za ukumbi, upime tena kila fezi. Ukiona fezi moja inapanda huku nyingine inashuka sana, zima, muite fundi umeme wa ukumbi. Hapa Dar unyevu na chumvi ya bahari vinakula viungo vya waya, hivyo ukumbi uliopimwa mwaka jana upimwe tena leo.

FundiMitambo
Sawasawa kabisa. Kuhusu stabilaiza: soma kibandiko nyuma ya spika kwanza. Kikisema 100–240V, umeme mdogo hauisumbui. Ampi ya zamani yenye transfoma nzito ndiyo inayoumia. Kwenye volti 180 nguvu yake ya juu inabaki asilimia 60 hivi, nanyi mnaongeza sauti mpaka inakwaruza. Kwa hiyo, stabilaiza ya servo, inayorekebisha volti taratibu kwa mota, itaifaa ampi ya besi kama ni ya aina hiyo. Zile za relei zinaruka kwa hatua, utasikia tak, tak kila besi inapogonga.

KinandaTemeke
Asanteni sana. Na mvumo? Kuna fundi anakata pini ya ethi kwenye plagi na unaisha kweli.

SautiKigamboni
Usikubali hata siku moja! Kifaa kikivuja umeme, kilichobaki kuupeleka ardhini ni mwili wa mpiga gitaa akigusa maiki kwa mdomo huku ameshika nyuzi. Mvumo huo ni ethi mbili zinazokutana kupitia waya wa sauti. Chomoa waya wa sauti wa kinanda peke yake. Mvumo ukikoma, weka DI boksi yenye transfoma (kikasha kinachokaa kati ya kinanda na mikisa), bonyeza swichi ya kuinua ethi, inayokata ethi ya waya wa sauti tu. Mitambo yote ya sauti ichukue umeme sehemu moja, taa za jukwaa zichukue kwingine. Kama chanzo ni chaja ya laptopu, DI ileile inaimaliza.

JeneretaMbagala
Mkipiga kwa jenereta: iwashwe, ipate moto, pima volti na masafa, masafa yawe kati ya hezi 49 na 52, ndipo mikisa iwashwe, spika za mwisho. Kuzima, spika kwanza. Mzigo usipite robo tatu ya uwezo wake. Mafuta yasiachwe yakauke, kwa sababu inapokufa inayumbisha umeme vibaya. Zimeni spika, kisha jenereta, jazeni, anzeni upya. Jenereta nyingi ndogo nyutro yake haijaungwa na ethi, ndiyo maana ukipima fezi na ethi unaweza kukuta 115 hivi. Fundi umeme aiunge ipasavyo, pamoja na RCD, kifaa kinachokata umeme ukivuja.

Na kwenye kigodoro mnapochukua umeme nyumba ya jirani, ulizeni kwanza uniti za LUKU zimebaki ngapi.