Kuanguka, kuangushwa, kuangukiwa: Kiingereza cha kutumia ukipiga simu ya dharura au ukijaza fomu

Kutoka: Binti wa Kibokoni, sasa Leicester, Uingereza

Assalaamu alaykum jamaa zangu,

Mama amekuja kunitembelea toka Mombasa, na wiki hii alianguka bafuni. Alhamdulillahi hakuvunjika popote. Lakini nilipopiga 999 niliulizwa maswali mfululizo na Kiingereza kikanipotea: aliteleza, alijikwaa, alizirai, au alianguka tu? Sasa nina fomu ya bima yake ya safari, inataka nieleze kwa maneno yangu ajali ilivyotokea. Nimefungua kamusi, nimekuta maneno chungu nzima, yote yamefasiriwa "kuanguka". Aliyepitia haya anielekeze tafadhali, sitaki kuandika jambo litakalomdhuru mama.

Kutoka: Mkalimani mstaafu, Kizingo, Mombasa

Wa alaykum salaam mwanangu. Mpe mama pole nyingi, umwambie nasi huku Kizingo tunamwombea.

Kazi ya ukalimani wa hospitali huko Uingereza niliifanya miaka mingi kabla ya kurudi nyumbani, na jambo hili la kuanguka nalijua vizuri. Nitakuandikia kwa urefu, maana wengi humu mna wazazi wanaokuja na kurudi, na kuanguka si jambo la nadra. NHS, yaani huduma ya afya ya serikali ya Uingereza, yenyewe inasema kati ya watu watatu waliopita miaka 65, mmoja huanguka angalau mara moja kwa mwaka. Kwa waliopita 80 ni nusu yao.

Neno "fall" ni la jumla, kama "anguka" letu. Si kosa kulitumia, lakini halimwambii msikilizaji kitu anachokitafuta, yaani kilichomfanya mtu aanguke. Kwa hiyo anza na chanzo. Mguu ukikosa kushika chini kwa sababu ya maji au sabuni, hiyo ni "slip". Mguu ukinaswa na zulia, kizingiti au waya, hiyo ni "trip". Akijikwaa akapepesuka, hata kama hakufika chini, ni "stumble". Na ikiwa alikuwa amesimama tu, mizani ya mwili ikampotea, sema "she lost her balance". Haya yote yanamwambia msikilizaji kwamba mtu alikuwa na fahamu zake, hakuzirai.

Upande wa pili kuna "faint", "pass out" na "black out". Hapo umesema amezirai, fahamu zilimwondoka, na kuanguka ndiko kulikofuata. Halafu kuna "collapse". Hili ndilo ninalowaomba mlichunge sana. Mtu akisikia "she collapsed", haoni sakafu yenye maji. Anafikiri moyo, kiharusi, sukari iliyoshuka, damu inayovuja ndani. Ni neno la mwili ulioishiwa nguvu ghafla. Ukilitumia kwa mama aliyeteleza na sasa ameketi anazungumza, unaupeleka msaada kwenye njia nyingine. Na ukisema "slipped" kwa mtu aliyezirai, umemnyima daktari habari ya kwanza anayoihitaji, kwa sababu atatibu jeraha la kichwa na ile sababu iliyomwangusha ibaki palepale, imwangushe tena kesho.

Ukipiga 999, swali la kwanza huwa ni kama mgonjwa anapumua. Jibu hilo kwanza, usianze hadithi. Kisha sema kama yuko macho na anakujibu. Baada ya hapo ndipo useme alivyoanguka na alivyotua. Kutua kwenyewe kuna maana. Akianguka chali ni "backwards", akianguka kifudifudi ni "forwards" au "on her face", akianguka ubavu ni "on her side". Huyu wa ubavu, ikiwa ni mzee, hofu ya kwanza ni nyonga. Kama kichwa kiligonga sinki au ukuta, liseme wazi. Na kama anatumia dawa za kuzuia damu isigande, litamke mapema hata kama anaonekana mzima kabisa, kwa sababu damu inaweza kuvuja ndani ya kichwa polepole na ukadhani yu salama.

Useme pia amekaa chini kwa muda gani. Wazee wetu wana haya. Ataanguka alfajiri, asite kukuamsha, umkute sakafuni jua limeshatoka. Mzee akilala chini zaidi ya saa moja, misuli inaweza kuanza kuharibika na sumu yake ikaenda kwenye figo, ngozi ikaumia, mwili ukapoa. Wahudumu watalichukulia kwa uzito tofauti na aliyeanguka dakika tano zilizopita.

Sasa niseme lililonitia hofu kuliko yote nilipokuwa kazini. Kwetu ukisema mtu "anaanguka", au "ana ugonjwa wa kuanguka", kila mtu Mombasa anajua unasema kifafa. Mgonjwa anamwambia daktari hivyohivyo kwa Kiingereza, kwamba anaanguka, "I fall". Daktari anamwangalia magoti, anamwuliza kuhusu miwani na viatu, anamwandikia mazoezi ya miguu. Kila mmoja amesema kweli na mgonjwa ametoka bila dawa yake. Kama ni kifafa, neno ni "seizure" au "fit", na ueleze kilichoonekana: alikakamaa, alitupa mikono na miguu, alitoka povu, alijiuma ulimi, alikaa muda gani kabla ya kurudi katika hali yake.

Vivyo hivyo "presha ilimwangusha". Huku nyumbani sentensi hiyo inatosha. Kule haitoshi, kwa sababu neno "pressure" peke yake wao huenda wakalielewa kuwa ni wasiwasi na shinikizo la maisha. Sema "blood pressure". Kisha eleza mwenendo: aliinuka kitandani, kichwa kikawa chepesi, macho yakaingia giza, akaenda chini. Baadhi ya dawa za kushusha shinikizo la damu huweza kufanya hivyo mtu anaposimama ghafla. Chukua pakiti zote za dawa alizokuja nazo toka Mombasa, hata zile za mitishamba, uzitie kwenye mfuko mmoja mwende nazo.

Kuhusu fomu ya bima. Mgeni kutoka Kenya akihudumiwa katika chumba cha dharura cha NHS hatozwi, lakini akilazwa, matibabu yake hutozwa asilimia 150 ya bei ambayo NHS yenyewe huitumia. Ndiyo maana bima ya mama ni muhimu, na ndiyo maana watu wa bima husoma kila neno. Wanachotafuta ni kama ajali hii ilitokana na ugonjwa ambao haukutajwa wakati wa kukata bima. Basi usiandike "collapsed" kwa sababu umelikuta kwenye kamusi karibu na "fell" na limekupendeza. Kama kweli aliteleza kwenye maji, andika hivyo: "She slipped on the wet bathroom floor, fell backwards and hit her elbow. She did not pass out." Sentensi mbili fupi zinamaliza kazi. Lakini kama mama alisikia kizunguzungu kabla ya kuanguka, andika kizunguzungu. Usikifiche. Maelezo ya wahudumu wa ambulensi yameshaandikwa, na bima ikikuta fomu yako haipatani nayo inaweza kukataa madai yote. Nakuomba leo hii ukae na mama kwa utulivu, umwulize ajali ilivyokuwa tangu alipoingia bafuni, na umwache amalize kabla ya kumtilia maneno mdomoni.

Kutoka: Mwana wa Likoni, sasa Doha

Shangazi, Mungu akuzidishie. Nami nina langu. Niko kwenye ujenzi. Chuma kiliponyoka juu kikanipiga begani, nikaenda chini. Msimamizi ameandika kwenye ripoti kwamba "he fell". Nimemwambia sikuanguka, niliangukiwa. Kwa Kiingereza nimeshindwa kumweleza tofauti, yeye anaona ni mamoja.

Kutoka: Mkalimani mstaafu, Kizingo

Pole mwanangu. Si mamoja hata kidogo, usikubali kuitia sahihi ripoti hiyo kabla haijasahihishwa.

Sisi tunabadilisha mwisho wa kitenzi na kila mtu anaelewa nani alimfanya nani: anguka, angusha, angushwa, angukia, angukiwa. Hata mtoto akimwona mkwezi juu ya mnazi anajua aangua madafu, na akiyaona yale yaliyolala chini yenyewe anajua yameanguka. Kiingereza hakikupi miisho hiyo. Kinakutaka ubadilishe neno zima. Ulichopata wewe ni "I was struck by a falling metal bar". Kama ni mtu aliyekugonga kwa bega au mkokoteni ukaenda chini, ni "I was knocked over" au "knocked down". Kama alikusukuma kusudi, "I was pushed". Na ukipigwa ukapoteza fahamu, "I was knocked out", na hilo daktari lazima alisikie.

"He fell" inakufanya wewe kuwa ndiye mtendaji. Anayesoma ripoti atauliza kwa nini hukuwa mwangalifu, hatauliza nani aliyekiacha chuma bila kukifunga. Sheria za Qatar sitazizungumzia, kule sijafanya kazi. Kwa mlioko Uingereza, takwimu za usalama kazini hutenganisha aliyeanguka kwa kuteleza au kujikwaa palepale aliposimama, aliyeanguka kutoka juu, na aliyepigwa na kitu. Ajali ikikutoa kwenye kazi yako ya kawaida zaidi ya siku 7, mwajiri anatakiwa airipoti serikalini. Madai ya fidia ya jeraha kwa kawaida huwa na muda wa miaka 3. Kwa hiyo neno lililoandikwa siku ya kwanza utakutana nalo tena.

Na kwa kuwa nimetaja kugongwa: huku Mwembe Tayari mtu akigongwa na bodaboda tunasema kagongwa, basi. Kiingereza kinatenganisha "knocked down", yaani gari limemgonga akaanguka, na "run over", yaani gurudumu limempita juu ya mwili. Ukisema "run over", wahudumu watakuja wakitarajia mbavu na nyonga zilizopondeka. Sema kile ulichokiona.

Kutoka: Kijana wa Tudor, Mombasa

Salaam. Mimi sijasafiri bado, najiandaa na IELTS, ule mtihani wa Kiingereza. Kwenye kueleza grafu, mistari inayoshuka naandika "fall" kila mara na mwalimu anasema nibadilishe. Je, hayo maneno mengine niyatumie vipi?

Kutoka: Mkalimani mstaafu, Kizingo

"Fall", "drop" na "decrease" zinaenda karibu kila mahali. "Decline" ni kushuka polepole kwa muda mrefu. "Plunge" na "plummet" ni kuporomoka ghafla na kwa kiasi kikubwa, usiziweke kwenye mstari ulioteremka kidogo. "Dip" ni kushuka kidogo kisha kupanda tena. "Tumble" na "topple" ziache, hiyo ya pili ni ya kitu kirefu kama kabati au mnara kupinduka.

Angalia sana "by" na "to". "Fell by 10" ni ilishuka kwa 10, "fell to 10" ni ilishuka hadi 10. Ukizichanganya umetoa taarifa ya uongo juu ya grafu nzuri. Na umbo la vitenzi: "fall, fell, fallen" ni kuanguka. Kuna "fell" nyingine inayojitegemea, maana yake kuangusha, hasa kukata mti, nayo huenda "felled". Mti ulioanguka wenyewe ni "fallen tree", uliokatwa ni "felled tree". Kwa nyumba ni hivyohivyo: iliyoporomoka yenyewe "collapsed", iliyobomolewa "was demolished" au "was knocked down". Mnaowaandikia benki za huko kuhusu nyumba zenu za Bamburi na Kisauni, msizibadilishane hizo mbili.

Kutoka: Binti wa Kibokoni, Leicester

Shangazi, nimekaa na mama kama ulivyosema. Anasema sakafu ilikuwa na maji, mguu ukakimbia, hakusikia kizunguzungu. Mimi nilikuwa sebuleni, nilisikia kishindo nikamkuta chini yuko macho. Ila barua ya hospitali imeandika "unwitnessed fall". Nimeogopa, nikadhani wanasema hawamwamini.

Kutoka: Mkalimani mstaafu, Kizingo

La mwanangu, usiogope. Ina maana hakuna mtu aliyemwona akianguka, basi. Wewe ulikuwa sebuleni, ukasikia kishindo. Huiandika ili daktari anayefuata ajue kwamba habari za ajali zimetoka kwa mgonjwa mwenyewe, na kwa sababu hiyo wakague zaidi kichwa na fahamu zake. Kwenye fomu andika vilevile: hukumwona, ulisikia kishindo, ulimkuta chini yuko macho, naye akakueleza kwamba aliteleza. Usiandike "I saw her slip". Kisha uambatishe nakala ya barua hiyo, na nyingine mama arudi nayo Mombasa, daktari wake wa huku ataihitaji.