Slaidi za PowerPoint kwenye programu ya kuhariri video: picha, video au kurekodi skrini?

mwl_ngeli
Wakuu, habari za jioni. Nina slaidi 38 za ngeli za nomino, kidato cha pili. Nataka ziwe video yenye sauti yangu, wanafunzi wajisomee nyumbani kwenye simu za wazazi. Nimeburuta faili la .pptx (la PowerPoint) hadi ndani ya Shotcut, programu ya kuhariri video, limekataa. Nikalipeleka kwenye Movie Maker ya zamani iliyomo humu, nako vilevile. Kompyuta yangu ni ya RAM 4GB, Windows 10, PowerPoint 2016.

Naona njia tatu: nitoe kila slaidi kama picha, nitoe wasilisho zima kama video, au nirekodi skrini huku nafundisha. Ipi haitanitesa? Slaidi kama kumi zina vitu vinavyojitokeza kimoja kimoja: kwanza neno "kiti", kisha "viti", halafu ndipo KI-VI inaibuka kwa rangi nyekundu. Hiyo sitaki ipotee, ndiyo somo lenyewe.

fundi_klipu
Mwalimu, .pptx si picha wala si video. Ni kifurushi. Tengeneza nakala, badilisha mwisho wa jina uwe .zip, kifungue: utakuta maandishi, picha na maelekezo ya nini kikae wapi na kitokee lini. Programu nyingi za kuhariri video haziyasomi maelekezo hayo, kwa hiyo usipoteze wiki kutafuta itakayoyasoma. Camtasia inalipokea faili la .pptx, ila ni ya kulipia, na hata yenyewe inakugeuzia kila slaidi kuwa picha tuli. KI-VI yako itakuwa imeshaibuka kabla hujafungua mdomo. Movie Maker iache ipumzike, Microsoft waliacha kuihudumia Januari 2017.

Mimi nasema picha. File, Save As, chagua PNG, kisha All Slides. Usichague JPEG: herufi nyekundu kwenye weupe hutoka na vumbivumbi pembeni, na kwenye simu linaonekana.

Zile slaidi kumi zivunje kwa mkono. Bofya slaidi kwenye orodha ya kushoto, Ctrl+D, upate nakala tatu. Ya kwanza ibakize "kiti" tu, ya pili "kiti" na "viti", ya tatu kila kitu. Ondoa animesheni zote. Zikiwa na hatua tatu kila moja, utakuwa na picha 58 badala ya 38. Ni kazi ya saa moja, na baada ya hapo wewe ndiye unayeamua KI-VI itokee sekunde gani.

BintiMakunduchi
Fundi unamzungusha mwalimu wa watu! Kwani lazima apite kwenye programu ya kuhariri? PowerPoint 2016 inarekodi sauti yenyewe. Slide Show, Record Slide Show, unaongea huku unabofya, animesheni zinatokea kama darasani. Ukimaliza: File, Export, Create a Video, unapata MP4. Nimefanya hivyo kwa masomo ya madrasa na sijawahi kuvunja slaidi hata moja.

Uzuri wake ni kwamba sauti inakaa ndani ya slaidi yake. Ukikosea slaidi ya 12, unarudia ya 12 peke yake. Ila jambo moja, mwalimu: slaidi inapopokezana na nyingine kwa madoido, sauti hairekodiwi. Ukiunganisha sentensi juu kwa juu, neno la kwanza linamezwa. Bofya, subiri madoido yaishe, ndipo useme. Na slaidi usiyoirekodi itapewa sekunde 5, ndizo zilizowekwa tangu mwanzo, usije ukashangaa imepita kama daladala isiyotaka abiria.

fundi_klipu
Dada, sikatai. Lakini MP4 ile ni utepe mmoja mrefu. Jogoo akiwika katikati ya slaidi ya 20, au mwalimu akitaka kuongeza klipu ya mwanafunzi anayesoma mfano, anarudi kulekule kwenye kukatakata, na kila kukata ni sauti na picha kwa pamoja. Ukiwa na picha tuli, sauti iko kwenye mstari wake, unakata jogoo unaacha slaidi.

BintiMakunduchi
Jogoo akiwika narudia slaidi, kaka. Dakika moja.

mzee_wa_pengwini
Kwa wasio na PowerPoint: LibreOffice Impress haina kitufe cha kutoa video. Inatoa PDF vizuri, na kutoka kwenye PDF unapata picha zote kwa mkupuo. Kwenye Linux mimi huandika mistari miwili tu:

soffice --headless --convert-to pdf ngeli.pptx
pdftoppm -r 144 -png ngeli.pdf slaidi

Ile 144, yaani pikseli kwa kila inchi, sikuiokota barabarani. Slaidi pana ya PowerPoint ni inchi 13.33 kwa 7.5. Zidisha kwa 144 unapata pikseli 1920 kwa 1080. PowerPoint ya Windows yenyewe hutoa picha kwa 96, ndiyo maana watu wanapata 1280 kwa 720 halafu wanalalamika zina ukungu wakizikuza. Kuna namna ya kuibadilisha ndani ya rejista ya Windows (hifadhi ya mipangilio ya ndani ya mfumo) kwa kuongeza thamani inayoitwa ExportBitmapResolution, lakini kama hujawahi kugusa rejista usianzie hapo.

Angalizo: faili lililotengenezwa kwa Calibri likifunguliwa kwenye mashine isiyo na fonti hiyo, maneno yanaweza kuhama mstari. Pitia PDF ukurasa kwa ukurasa kabla ya kutoa picha.

chapakazi_254
Habari za huko. Mimi niko Nairobi, huwa natumia OBS, programu ya kurekodi skrini. Unafungua slaidi, unaiambia OBS irekodi dirisha lile, unafundisha. Animesheni, kielekezi, hata uso wako pembeni, vyote vinaingia. Rekodi kwa MKV, aina nyingine ya faili la video, kwanza: stima ikipotea katikati, MKV hubaki inasomeka, lakini MP4 ya kawaida isipofungwa vizuri inaweza kukataa kufunguka kabisa. Baadaye OBS yenyewe inakugeuzia iwe MP4 bila kupunguza ubora.

Ila kwa RAM 4GB sikushauri, mwalimu. OBS inabana video papo hapo wakati PowerPoint nayo iko wazi, na mashine ndogo huanza kurukaruka fremu. Na kwa OBS hakuna kurudia slaidi ya 12 peke yake. Ukipiga chafya, umepiga chafya.

nyumba_ya_picha
Nikiongeza kwa wanaotumia programu nyingine. iMovie huzipa picha mwendo wa kusogea na kukuza bila kuambiwa, hivyo kichwa cha slaidi kinaweza kukatwa huku kinateleza kama mtumbwi uliokatika kamba. Nenda Crop, chagua Fit, kwa kila picha.

DaVinci Resolve nayo ikiona Slide1, Slide2, Slide3 hudhani ni fremu za filamu moja na kuziunganisha kuwa klipu moja. Mara ya kwanza sikusoma maelekezo, slaidi zangu 40 zikapita kwa sekunde zisizofika mbili. Kwenye ukurasa wa Media, ile menyu ya nukta tatu, badilisha Frame Display Mode iwe Individual. Lakini Resolve kwa 4GB, sahau.

mwl_ngeli
Asanteni sana. Juzi na jana nimejaribu njia mbili kwa slaidi sita za mwanzo.

Ya dada wa Makunduchi ilikuwa nyepesi kuanza. Kosa langu ni kwamba nilikuwa nameza maneno kama alivyosema, na kelele za mtaani zilinirudisha slaidi ileile mara nne. Ya fundi ilinichosha mwanzoni, ila nilipofika kwenye kupanga nikaifurahia. Tatizo ni mpangilio: picha ziliingia Slide1, Slide10, Slide11, halafu ndipo Slide2!

fundi_klipu
Ndiyo, huko majina yamepangwa kwa herufi. Slide1 iwe 01, Slide2 iwe 02, basi.

Sauti irekodi kwanza, hata kwa simu, chumba chenye mapazia au nguo nyingi. Kila unapobadili slaidi gonga meza mara moja. Ukiiweka sauti kwenye Shotcut utaona mwiba kwenye mawimbi kila ulipogonga. Washa Ripple ili picha za mbele zisogee zenyewe, vuta ukingo wa picha mpaka kwenye mwiba, nenda inayofuata. Mwisho unakata ile sauti ya kugonga. Huhitaji kusikiliza somo zima ukitafuta mahali ulipobadili.

mzee_wa_pengwini
Hiyo ya kugonga meza nimeiiba.

chapakazi_254
Mwalimu, kama wanaangalia kwa simu, 720p (ile 1280 kwa 720) inatosha, achana na hesabu za mzee. Kinachoumiza ni ukubwa wa herufi. Jedwali lenye herufi za 14 halisomeki kwa simu hata ulitoe kwa 4K. Na ukituma kwa WhatsApp tuma kama dokumenti, isibanwe tena. Slaidi zilizotulia hazitengenezi faili zito, maana hakuna kinachosogea.

mzee_wa_pengwini
Kwenye herufi tuko pamoja. Kwenye 720p, subiri siku shule ipate projekta.

mwl_ngeli
Nimeamua: slaidi 28 tulivu picha, zile kumi nimezivunja, sauti kwa simu, meza nimeigonga mpaka jirani kaja kuuliza kuna nini. Jedwali la ngeli zote nimeligawa slaidi tatu, herufi 28. Nimetoa 720p. Hii hapa picha ya slaidi ya 17 muone rangi zinavyokaa.

BintiMakunduchi
Rangi nzuri, mwalimu. Ila hapo umeweka "ugonjwa" kwenye U-ZI pamoja na "ukuta". Ugonjwa, magonjwa. Hiyo si U-YA?

mwl_ngeli
Duh. Ni U-YA. Natoa picha moja tu upya, jina lilelile 17, naiweka juu ya ile ya zamani. Sauti haiguswi, nashukuru huko niliitaja sawasawa.