Nimehamisha ramani za viwanja, nyumba za Shela zimeingia majini. Naomba ushauri

Kipimo_Amu
Salamu wakubwa kwa wadogo. Niko Amu, nashughulika na ramani za viwanja katika ofisi ambayo naomba nisiitaje. Tulikuwa tukitumia ArcMap, programu ya kompyuta ya kuchorea ramani, miaka yote, na watengenezaji wake waliipangia mwisho tarehe 1 Machi 2026, kwa hiyo tumeambiwa kila kipande kihamie kwenye mfumo mpya wa kuhariri. Kazi imeniangukia mimi peke yangu. Faili ni shepufaili (faili za ramani za kompyuta) kuukuu, nyingine zimechorwa na watu walioacha kazi zamani. Nilipozifungua juu ya picha ya setilaiti, nyumba za mbele Shela zimekaa mkondoni, na mashamba ya upande wa bara yamevuka barabara. Mkubwa anataka kazi Ijumaa. Nani amepitia haya? Njia ya haraka ni ipi? Usiku silali.

Mkwezi_wa_Hindi
Pole kakangu. Ndiyo maana mimi siamini karatasi. Babu yangu alikuwa na shamba lililopakana na jirani kwa mkanju mmoja mkubwa. Babu alipougua, yule jirani aliukata, akapanda mwingine hatua kumi ndani ya shamba letu. Miaka ishirini baadaye wazee wanaitwa waonyeshe mpaka, wote wanaonyesha mkanju. Ni mkanju kweli, ila si ule! Mpaka leo hatujarudishiwa.

BahariaMatondoni
Ploti yangu ikiwa majini naomba wasiitoe, nitaegesha dau bila kulipa mtu.

MpimaMstaafu
Kijana, nijibu matatu. Vipande vimesogea umbali gani? Upande gani? Na kila shepufaili ina ile faili ndogo ya .prj inayotaja mfumo wa kodineti zake, yaani namba za kuonyesha mahali?

Nakuuliza kwa sababu ramani zetu nyingi zilipimwa kwa mfumo wa zamani wa kodineti, Arc 1960, UTM kanda ya 37 Kusini, na picha ya setilaiti iko kwenye WGS84, mfumo wa GPS. Ukizisoma kana kwamba ni kitu kimoja, hapa Lamu kila kitu hupanda kaskazini karibu mita 300 na kwenda magharibi kama mita 100. Shela ikipanda hivyo lazima iingie mkondoni. Kuna na zile kongwe za mfumo wa Cassini, zilizopimwa kwa futi. Hizo usizichanganye na wenzake hata kidogo.

Shangazi_Langoni
Mwanangu, ardhi ni amana. Watu wamezikana kwa sababu ya hatua mbili za mchanga. Wewe unauliza njia ya haraka? Uliza njia ya haki.

Kipimo_Amu
Shikamoo shangazi, nimekusikia. Mzee MpimaMstaafu, .prj nyingi hazipo. Umbali ndio unaonichanganya: vingine vimesogea kama ulivyosema, vingine mita arobaini, vingine vimekaa sawasawa kabisa.

MpimaMstaafu
Hapo pana neno. Kosa la kodineti husogeza shiti nzima ya ramani kwa kipimo kimoja, halichagui nyumba. Ikiwa ndani ya shiti moja hiki kimesogea na cha pembeni kimetulia, basi pamepita mkono wa mtu. Umegusa nini?

Kipimo_Amu
Sawa. Nilianza kuvirekebisha Alhamisi iliyopita. Navishika kimoja kimoja navivuta mpaka vikae juu ya kuta na nyua zinazoonekana kwenye picha. Nimefikisha 214. Nikasevu juu ya faili ileile.

Lakini naomba mnielewe. Picha inaonyesha ukuta ulipo leo. Watu wanaishi ndani ya kuta zao, hawaishi ndani ya mstari uliochorwa kwa wino kabla sijazaliwa. Kama mstari haufanani na ukuta, kipi kimekosea? Na kuta za mji wetu ni za mawe ya matumbawe, zimesimama karne na karne.

BintiMkomani
Kakangu, simama hapohapo. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012, kifungu cha 18, inasema mstari wa ramani unaonyesha mpaka kwa makadirio tu, ila pale sajili ilipoandika kwamba mpaka umepimwa na kuthibitishwa. Watu wakigombana, wanaanza kwa msajili wa ardhi kabla ya mahakama. Kwa hiyo mstari si msahafu, kweli. Lakini na wewe si msajili. Ukuta waweza kuwa wa mwizi.

Mkwezi_wa_Hindi
Kama ule mkanju.

Mlinzi_wa_Manda
Mnaendelea kushauri, mimi naona hadithi ya kutunga. Ramani za sajili hutunzwa na idara ya upimaji ya serikali kuu, makao yake Ruaraka, Nairobi. Na tangu Aprili 2021 kuna Ardhisasa, mfumo wa serikali wa ardhi mtandaoni. Kijana wa ofisi ya huku anapata wapi mamlaka ya kuvuta mipaka ya watu kama kokoro? Huyu ama anaandika tamthilia, ama anatafutia mtu tenda. Uzi ufungwe.

BahariaMatondoni
Hata mimi nilishuku aliposema halali. Mfanyakazi wa ofisi gani asiyelala?

BintiMkomani
Ardhisasa ilianzia Nairobi. Msitumie jina moja kufunga kila mdomo.

Mlinzi_wa_Manda
Basi alete ushahidi. Picha ya kompyuta, namba za ploti, chochote.

Kipimo_Amu
Namba za ploti za watu siziweki hapa, hata mkiniita mwongo. Asili hatuna, hilo ni kweli, ziko Ruaraka. Tulizonazo ni nakala za kutozea kodi ya ardhi na kupanga mji. Lakini barua ya kodi inatoka kwenye nakala hii, na nimewaona watu kwa macho yangu wakija kuomba ichapishwe waipeleke kwenye ugomvi wao. Ndiyo maana naogopa.

Na kwa kuwa mnataka ushahidi. Katika zile 214, moja ni shamba la mamangu upande wa bara. Jirani alijenga ukuta, mama anasema umeingia kwetu hatua sita. Nilipofika hapo sikufuata ukuta. Nilivuta mstari mpaka ulipokuwa mkwaju, kama alivyonionyesha mama nikiwa mdogo.

Shangazi_Langoni
Ewe Mola. Mwanangu.

Mlinzi_wa_Manda
Naondoa neno langu la tamthilia. Mtu hatungi jambo la kujiaibisha hivi.

MpimaMstaafu
Sitakutukana, nimeona wakubwa wako wakifanya zaidi. Sikiliza. Tafuta nakala ambayo mkono wako haujaigusa. Uliza kila aliyewahi kupewa faili: watu wa kodi, mpanga mji, flashi za droo. Ukiipata, ifanye isiandikike, ufanyie kazi mwigo wake. Kwanza uambie mfumo kwamba shiti hii ni Arc 1960, kanda 37 Kusini. Ndipo uibadilishe iende WGS84. Ni hatua mbili, vijana wengi huzifanya moja na ndipo wanapozama. Halafu toka ofisini, tafuta bikoni (alama za mpaka zilizowekwa na wapimaji) zilizobaki, zipime, ulinganishe.

Angalia na namba za viwanja. Shepufaili hukata jina la safu likizidi herufi 10, na namba ikisomwa kama hesabu, sifuri ya mbele hupotea. Ndani ya mfumo mpya kila badiliko lifunge kwenye rekodi yake, yenye namba ya fomu ya mutesheni, ile ya mpimaji ya kubadilisha mipaka ya kiwanja. Kipande cha zamani kinabaki kama historia, na anayekuja kesho ataona nani alibadilisha nini. Zile 214 zako hazina fomu. Haziingii.

Kipimo_Amu
Nimepata nakala ya mwaka jana kwenye kompyuta ya dada wa kodi. Nimefuata hatua zako, Shela imetoka majini yote kwa mara moja. Bikoni tatu nilizozifikia zinakubaliana. Mkubwa nimemwandikia kila kitu, pamoja na lile la shamba. Ameniongeza wiki mbili na shiti za bara amempa mwenzangu.

Shangazi_Langoni
Na mstari wa mamako umeangukia wapi?

Kipimo_Amu
Karibu na ukuta wa jirani. Mkwaju uko nje.

Mkwezi_wa_Hindi
Makadirio lakini, si ndivyo kifungu kinavyosema? Nendeni kwa msajili, mpaka upimwe mkiwa wote.

Shangazi_Langoni
Mama umemwambia?

Kipimo_Amu
Bado. Navuka Mokowe kesho na boti ya asubuhi.